Uzi: Kambi siku nane Australia Kusini, kutoka pwani ya Eyre hadi vilima vya Gawler

Ramani_Mkononi

Wakuu, salaam. Maswali ya kupiga kambi Australia yanajirudia humu kila mara, na mengi yanataka Sydney, Uluru na matumbawe ya Queensland ndani ya wiki moja. Hiyo haiwezekani, lile ni bara zima. Chagua kona moja uimalize. Ninayoiweka hapa ni rasi ya Eyre, jimbo la Australia Kusini. Unaanzia Adelaide na kurudi Adelaide, na katikati unapata bahari yenye simba-bahari na nchi kavu yenye kangaruu wekundu bila kupanda ndege ya pili.

Kabla ya ratiba, jambo ambalo wengi hulikosea: huku hupangi kwa kilomita, unapanga kwa jua. Kangaruu na wombati (mnyama mnene anayechimba mashimo) hutoka kula jua likizama, na ndio muda huohuo wanajaa barabarani. Mikataba mingi ya magari ya kukodi haikulindi ukiendesha nje ya mji usiku. Mwezi wa saba jua la Port Lincoln linazama karibu saa 11:30 jioni na kuchomoza karibu saa 1:30 asubuhi. Kwa hiyo saa 10 alasiri injini iwe imezimwa na hema limesimama. Ukitoa muda wa kukunja kambi, mapumziko na kupiga picha, siku nzima ya kuendesha inabaki saa tano hivi.

Ratiba:

Siku ya 1: Adelaide hadi Port Augusta (kama km 310), kisha Whyalla (km 75). Lami tupu.
Siku ya 2: Whyalla hadi Port Lincoln, km 270, kupitia Cowell na Tumby Bay.
Siku ya 3: Hifadhi ya Taifa ya Lincoln.
Siku ya 4: Coffin Bay, ni km 46 tu. Lala Yangie Bay.
Siku ya 5: Elliston, mapango ya Talia, kisha Baird Bay au Streaky Bay.
Siku ya 6: Maji asubuhi, halafu ingia bara kupitia Minnipa hadi Hifadhi ya Gawler Ranges.
Siku ya 7: Gawler kutwa nzima, usihamishe kambi.
Siku ya 8: Wudinna, Kimba, Port Augusta. Usijaribu kufika Adelaide siku hiyo. Kutoka Wudinna ni zaidi ya km 550, na utamalizia gizani. Ndege yako iwe siku ya 9.

Kwa hiyo "siku nane" ni za kambi. Ongeza moja mbele ya kununua vitu na moja nyuma.

BintiPangani

Kaka asante kwa uzi. Kwa nini usiwapeleke watu Kangaroo Island? Jina lenyewe linajiuza, na ni karibu zaidi na Adelaide.

Ramani_Mkononi

Dada, si pabaya. Feri ya Cape Jervis kwenda Penneshaw ni dakika 45, na mtu mwenye siku tatu nampeleka huko. Moto wa kiangazi cha 2019 hadi 2020 uliunguza karibu nusu ya kisiwa, lakini uoto umerudi kwa kasi. Ila kile ni kisiwa. Nchi kavu ya bara hutaiona, na kichwa cha uzi ni pwani NA bara.

Kobe_Msafiri

Mkuu umesahau msimu, na msimu ndio unaamua kama siku ya 1 na ya 6 zina maana.

Whyalla watu huenda kwa ajili ya dome (jamii ya ngisi) wakubwa wa Australia. Hukusanyika kuzaliana kwenye miamba ya Point Lowly kuanzia Mei hadi Agosti, kwa maelfu, na hakuna mahali pengine duniani panapojulikana kwa mkusanyiko kama huo. Nje ya miezi hiyo Whyalla ni kituo cha mafuta tu, pitiliza. Kuogelea na simba-bahari Baird Bay kwa kawaida ni Septemba hadi Mei. Maana yake anayetaka vyote viwili ana Mei peke yake, na hata hapo apigie simu waendeshaji wa boti kwanza.

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ninayoipigia debe. Maua ya porini yametoka, emu (ndege mkubwa asiyeruka, kama mbuni) dume anatembea na vifaranga wenye mistari (dume ndiye anayeatamia, wiki nane hivi, na ndiye anayelea), na usiku haugandishi sana. Nyangumi wa kusini wanakuwa bado wako Head of Bight, ila huko ni kama km 290 kupita Ceduna, kwa hiyo ongeza siku mbili. Desemba hadi Februari msiende bara. Joto hupita nyuzi 40, na siku za marufuku ya moto hata jiko la gesi linaweza kuzuiwa.

Jingine: tangu Machi 2025 pwani ya jimbo hilo ilipata mlipuko wa mwani wenye madhara ulioua samaki wengi. Haukupiga kila ghuba sawasawa. Kabla ya kulipia shughuli yoyote ya majini soma taarifa ya serikali ya jimbo ya wiki hiyo, ya mwezi uliopita haikusaidii.

Mzamiaji_wa_Mtwapa

Niongeze kuhusu dome. Huhitaji boti, unaingilia ufukweni. Kina ni mita mbili hadi sita, barakoa na mrija vinatosha. Maji wakati huo ni nyuzi 12 hadi 15 hivi, kwa hiyo suti ya milimita 7 yenye kofia, glavu na viatu vigumu, maana pa kuingilia ni mawe yanayoteleza. Mtu wa Bahari ya Hindi aliyezoea nyuzi 27 akiingia na suti ya milimita 3 atatoka baada ya dakika kumi meno yakigongana.

Ukiwa chini usiwafukuze. Tulia juu yao, kaa sehemu moja. Utaona dume kubwa limetanda juu ya jike, milia inakimbia mwilini mwake kama pazia linalotikiswa. Pembeni yake kuna kidume kidogo kilichokunja mikono yake na kubadili rangi kuiga jike. Kinapenya hadi kwa jike hivyohivyo, jitu likiwa linashughulika na mpinzani mwingine. Hilo linaonekana umbali wa mita mbili, ukiwa mtulivu.

Tairi_Spea

Naona wote mnaongelea wanyama. Kinachoharibu safari hii ni upepo wa tairi. Kipimo cha upepo na pampu ya kuchomeka kwenye betri ni vitu vya lazima, viwe ndani ya gari kabla hujatoka Adelaide.

Lami, gari limejaa mizigo: PSI 36 hadi 40 (soma kibandiko cha mlangoni).
Changarawe: PSI 28 hivi, mwendo usizidi 80.
Mchanga: PSI 16 hadi 18, mwendo usizidi 40, hakuna kukata kona ghafla, maana tairi litachomoka kwenye rimu.

Sababu: ukishusha upepo, tairi linajinyoosha kwa urefu na kuelea juu ya mchanga. Kwenye changarawe linajikunja kwenye jiwe badala ya kukatwa nalo. Barabara za Gawler zina vile vituta vidogo vidogo kama bati la nyumba. Ukipita na PSI 40 kila kitu kinalegea: boliti za kariya la juu, bomba la friji, hadi chupa ya mafuta ya kupikia inajifungua. Jioni kagua boliti za magurudumu kwa spana.

Kosa kubwa ni kushusha upepo mchangani halafu kurudi lamini na PSI 18 kwa mwendo wa 100 kwa sababu "pampu inachelewa". Tairi linachemka ubavuni na kupasuka. Dakika kumi na tano za kujaza ni nafuu.

Spea mbili kama unaingia Gawler. Na ukifika hujui jeki ya gari lako inakaa wapi, hujajiandaa.

Mama_Zawadi_Doha

Wanangu, na mwenye gari dogo la kawaida afanyeje? Si kila mtu ana hela ya foo-wili.

Tairi_Spea

Shikamoo mama. Gari dogo linafika Port Lincoln, Coffin Bay mjini, Yangie Bay, Streaky Bay na Baird Bay. Baada ya Yangie Bay lami inakoma na mchanga unaanza: Gunyah, Seven Mile Beach, Black Springs na kuendelea hadi Point Sir Isaac ni foo-wili peke yake. Seven Mile Beach inapitika maji yakiwa yamekupwa. Watu husoma saa ya kupwa ya kwenda na kusahau ya kurudi, kisha maji yanajaa wako upande wa pili na wanalala huko bila kutaka.

Gawler: hifadhi inashauri foo-wili. Kukiwa kukavu, gari refu la kawaida hupita baadhi ya njia, lakini mkataba wa kukodi ndio unaosema la mwisho. Tafuta kipengele cha barabara zisizo na lami. Tafuta pia kama gari likibingirika peke yake bila kugongana unalindwa au la. Mara nyingi hulindwi, na changarawe ndiyo inayobingirisha magari.

Ukimwona kangaruu mbele, kanyaga breki ukiwa umenyooka. Usimkwepe.

Mama_Zawadi_Doha

Marahaba mwanangu, nimekuelewa.

Kobe_Msafiri

Kwa wasiojua: Coffin Bay si ghuba ya majeneza. Nahodha Mwingereza Matthew Flinders aliiita hivyo mwaka 1802 kumuenzi afisa wa jeshi la maji, Sir Isaac Coffin. Huzuni ipo upande wa pili, Memory Cove ndani ya Hifadhi ya Lincoln. Mwezi wa pili mwaka huohuo mashua yake ilipinduka na watu wanane wakafa maji. Memory Cove ni eneo la geti, magari yanahesabiwa kwa siku na nafasi za kambi ni tano tu, kwa hiyo nafasi inashikwa mapema. Ukiikosa, kambi nyingine za Lincoln hazina shida.

Chaza wa Coffin Bay wanauzwa palepale kwa dazeni. Wasiotaka wabichi, chukueni wenye gamba, juu ya makaa dakika tatu, ndimu.

Fundi_Kambi

Vifaa, kwa watu wawili:

Hema la misimu mitatu, au swagi (lile godoro ndani ya mfuko wa turubai analolalia Mwaustralia). Swagi ni nzuri bara, lakini pwani upepo wa chumvi na mvua ya mlalo vinafanya hema liwe bora.
Mfuko wa kulalia wenye kiwango cha starehe cha nyuzi 0. Soma neno "starehe" kwenye lebo, usisome kile cha mwisho kinachomaanisha hutakufa. Usiku wa Julai bara hukaribia kuganda.
Vigingi virefu vya mchangani na vya chuma kwa ardhi ngumu ya Gawler. Vile vya alumini vilivyokuja na hema vinapinda siku ya kwanza.
Maji lita 10 kwa mtu kwa siku ukiwa bara. Watu wawili, siku tatu, ni lita 60. Beba kwenye madumu matatu ya lita 20, moja likipasuka usibaki kavu. Matangi ya mvua hifadhini usiyategemee.
Tochi za kichwani, wavu wa uso wa kuzuia nzi, sepetu.

Gesi: vile vikopo vya butani vya bei rahisi vinagoma asubuhi ya baridi. Butani ikikaribia nyuzi sifuri haigeuki kuwa mvuke, jiko linawaka kama mshumaa na chai haichemki. Chukua mtungi wa propani au vikopo vya mchanganyiko. Gesi haipandi ndege, nunua Adelaide.

Kuni: kuokota kuni ndani ya hifadhi ni marufuku, hata tawi lililokufa, kwa sababu mijusi na wadudu wanaishi humo. Nunua mjini, na uwashe tu palipo na sehemu ya moto na nje ya msimu wa marufuku, ambao kwa kawaida ni Novemba hadi Aprili.

Mafuta: ndani ya Gawler hakuna kituo. Jaza Minnipa au Wudinna.

BintiPangani

Na chakula halali? Na hizo safari za kundi zenye mpishi, wanaelewa?

Fundi_Kambi

Wanaelewa ukiwaambia wakati wa kulipia. Ukiwaambia jioni ya kwanza friji imeshapakiwa. Ukijipikia mwenyewe, nunua nyama Adelaide, igandishe, ifunge kavu. Bucha halali zipo. Mji huo una msikiti wa mwaka 1888 hadi 1889 barabara ya Little Gilbert, ulioanzishwa na wale waendesha ngamia walioitwa "Waafghani", waliobeba mizigo ya bara kabla ya malori. Ukitoka Port Augusta kwenda mbele usitegemee kupata.

Forodhani_Kila_Siku

Upande wa kuingia nchini. Pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda zinaomba viza ya wageni namba 600. Ile ya haraka inayoombwa kwa simu haituhusu. Mwenye kutoka Kenya au Uganda aje na kadi ya homa ya manjano.

Halafu kadi ya abiria kwenye ndege. Vifaa vya kambi vilivyotumika unavitaja. Udongo kwenye vigingi, nyasi kwenye zipu ya hema, matope kwenye soli: sugua kwa brashi na maji nyumbani, kausha. Vinyago vya mbao, vikapu vya ukindu, karanga, dengu, viungo vya pilau, vyote taja. Ukitaja, mbaya zaidi ni kunyang'anywa. Usipotaja, kosa ni kutokutaja, na faini yake ni nzito hata kama kitu chenyewe kingeruhusiwa.

Mkifika Head of Bight na kurudi, Ceduna kuna ukaguzi wa matunda kwa magari yanayokwenda mashariki kwa sababu ya inzi wa matunda. Kuleni mapera yenu kabla.

Saa: Australia Kusini iko mbele yetu saa sita na nusu, na saa saba na nusu kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Aprili. Ndiyo, nusu. Simu inajirekebisha, saa ya mkononi haijirekebishi.

Mzamiaji_wa_Mtwapa

Simba-bahari. Watu wanauliza "watoto wao wanazaliwa mwezi gani?" Hakuna jibu la kudumu. Huyu wa Australia anazaa kila miezi 17 hadi 18, si kila mwaka, kwa hiyo msimu unahama. Anayekuahidi watoto mwezi fulani miaka yote anakuuzia maneno.

Baird Bay unaingia na mwendeshaji mwenye kibali tu. Huwashiki, huwalishi, mikono unaiweka kifuani. Ukipiga mbizi ndogo na kujizungusha wanakuja wenyewe kucheza, ukielea kama gogo wanachoka na kuondoka. Ng'ambo ya ghuba, Point Labatt, kuna kundi linalozaliana ukingoni mwa bara, jambo la nadra kwao. Pale unatazama kutoka juu ya jabali, hakuna kushuka. Darubini ya 8x42 inatosha, ya simu haitoshi.

Papa weupe wapo maji hayo, tena Visiwa vya Neptune nje ya Port Lincoln ndiko watu wanakowatazama kutoka kwenye vizimba. Usiogelee karibu na mahali watu wanaposafishia samaki wala alfajiri na magharibi. Mwendeshaji akisema leo hatuingii, hamwingii.

Muuguzi_wa_Zamu

Nyoka, kwa kuwa hakuna aliyetaja. Bendeji za mpira pana sentimita 10 hadi 15, mbili kwa kila gari. Mtu akiumwa: alale, asitembee hata hatua tano. Usioshe jeraha (sumu iliyobaki juu ya ngozi inaweza kuwasaidia hospitali), usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Funga bendeji juu ya jeraha kwa nguvu kama ya kifundo kilichoteguka, kisha kuanzia vidoleni panda hadi mguu au mkono mzima. Funga kijiti kigumu pembeni ili kiungo kisikunjike. Chora alama ya mahali pa jeraha juu ya bendeji, andika saa.

Namba ni 000. Bara simu haishiki, hata mtandao wa Telstra ulio mpana kuliko mingine, kwa hiyo kodi kile kifaa cha dharura cha satelaiti cha megahezi 406. Ndege za madaktari, Royal Flying Doctor Service, zilizoanza mwaka 1928, zina kituo Port Augusta. Watakufikia, lakini ni lazima wajue ulipo.

Kobe_Msafiri

Gawler watu wanafika, wanaona Organ Pipes na kuondoka. Zile nguzo za mawe mekundu zilitokana na volkeno zaidi ya miaka milioni 1,500 iliyopita, sawa, zipigeni picha. Lakini siku ya 7 nzima imewekwa kwa ajili ya saa mbili: ya mwisho ya mchana na ya kwanza ya asubuhi. Wombati wa pua yenye manyoya, ambaye ni nembo ya jimbo, anatoka shimoni jioni. Keti mita thelathini kutoka kwenye mashimo, upepo ukikupiga usoni, usisimame juu ya paa la shimo maana linabomoka. Walabi (kangaruu mdogo) wa miguu ya njano mtafute kwenye miamba inayopata jua la asubuhi.

Ukibahatika kuna ndege wa ardhini, Waaustralia humwita malleefowl, mkubwa kama kuku. Haatamii. Dume hurundika tuta la mchanga na majani yaozayo, upana mita nne hivi, na joto la uozo ndilo linaloangua. Huchomeka mdomo ndani kupima, anaongeza au kupunguza mchanga ibaki karibu nyuzi 33. Ukiona tuta lenye nyayo mbichi, rudi nyuma. Ukimkurupusha anaacha kazi na mayai yanapoa.

Kijana_wa_Kilwa

Mnajua sarafu za Kilwa ziliokotwa Australia mwaka 1944?

Ramani_Mkononi

Tunajua mkuu, Visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa. Kutoka kwenye njia hii ni bara zima kuvuka. Fungua uzi wake, tutakuja.

Mama_Zawadi_Doha

Swali la mwisho wanangu. Mvua ikinyesha?

Tairi_Spea

Pwani endeleeni. Gawler barabara za udongo hufungwa, na kupita barabara iliyofungwa ni kosa, achilia mbali mitaro mnayowaachia wenzenu. Udongo ule ukilowa hujaza tairi hadi halizunguki.

Mama, fanya hivi: jioni ya siku ya 1 mkiwa Whyalla, fungua utabiri wa Bureau of Meteorology wa siku saba na ukurasa wa serikali wa hali ya barabara za bara. Kama mvua iko siku ya 5 na kuendelea, geuzeni mzunguko: kesho yake nendeni Kimba, Wudinna na Gawler kwanza, kisha mshuke pwani kupitia Streaky Bay. Ndiyo maana nafasi ya boti ya Baird Bay muishike kwa simu jioni hiyohiyo, mkishajua mnazunguka upande gani.

Mama_Zawadi_Doha

Na hizo kambi za Gawler si zinalipiwa kabla?

Ramani_Mkononi

Zinalipiwa mtandaoni, mama, na fanya hivyo mkiwa mjini maana huko ndani hamna mtandao wa kulipia. Yandinga, Kolay Hut, Mattera, Scrubby Peak, Waganny au Chillunie, chagueni moja. Ukisita kati ya hizo, Yandinga iko upande wa kusini, mkipata mvua ya ghafla mna kipande kifupi zaidi cha kutoka.